Mzunguko wa Saba

Mkufunzi alituambia tutembee. Hakusema twende wapi. "Tembeeni tu, walimu wangu, mjaze ukumbi," alisema yule kijana wa Nairobi, suruali yake pana kama gunia la mahindi. Nasi, walimu wa drama thelathini hivi, watu wazima wenye mikopo na magoti mabovu, tukaanza kuuzunguka ukumbi huo mjini Kitui kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Macho mbele, tusigusane, tusicheke. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipoisha wa sita, mwenzetu mmoja kutoka Mutomo, mwanamume wa miraba minne, baba wa watoto watano, akasimama ghafla. Nikamgonga kwa nyuma. Mkufunzi akamwuliza kulikoni.

"Mimi sita zinanitosha," akasema.

Kijana hakuelewa. Sisi tulielewa papo hapo, na wanaume wengine wawili wakasimama pia, wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Si mbali na mji wa Kitui kuna jabali la Nzambani, na kila mtoto wa Ukambani amesimuliwa kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Ni kweli ukumbi si jabali. Lakini kuta zake zilikuwa za mawe, alisema mwalimu wa Mutomo, naye hakuja Kitui kufanyiwa majaribio.

Hiyo ilikuwa Januari 2019, siku ya kwanza ya warsha ya siku tatu. Mimi nilitoka upande wa Kibwezi, ninakofundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na nilifika nikiwa mwekundu tangu nyusi hadi soksi, maana barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo ilikuwa bado inajengwa na vumbi lake lilikuwa halijaamua litulie wapi. Ulezi wa klabu ya drama niliupata kwa njia ya kawaida: siku walimu walipogawana majukumu, mimi sikuwapo.

Mkufunzi alitueleza kwamba michezo hii ina wenyewe. Mmoja alikuwa Viola Spolin wa Chicago, aliyejifunza kazi kwa kuchezesha watoto wa wahamiaji, watoto wasioelewana hata lugha, na mwaka 1963 akatoa kitabu ambacho walimu wa maigizo wanakitumia mpaka leo. Mwingine alikuwa Augusto Boal wa Brazili, ambaye serikali ya wanajeshi ilimkamata na kumtesa mwaka 1971, kisha akaenda uhamishoni. Nilisikiliza kwa heshima. Mtu aliyeteswa na wanajeshi akakuachia mchezo, unaucheza.

Mchezo wenyewe ni huu: mmoja anauweka mkono wake mbele ya uso wa mwenzake, karibu kiasi cha shibiri moja, na mwenzake anaufuata mkono huo popote uendapo, asiuache. Ukipanda, anapanda. Ukishuka sakafuni, anatambaa. Mimi nilipangwa na yule baba wa Mutomo, mkono wake ukiwa mpana kama sinia. Tulianza vizuri. Alinipeleka dirishani, akanirudisha, akanichuchumaza, nikahisi vifundo vya magoti vikinung'unika. Ndipo simu yake ikalia.

Angekuwa na busara angeiacha ilie. Lakini aliliona jina, akaitoa mfukoni kwa mkono ule ule uliokuwa ukiniongoza, akaupeleka sikioni. Nami nilikuwa nimeambiwa nisiuache mkono. Nikaufuata. Tukasimama pale, shavu langu kwenye kiganja chake, kama mbuzi wanaogombea jani moja.

"Niko mkutanoni," akasema.

"Nani huyo anapumua?" ikauliza sauti ya mwanamke ndani ya simu. Niliisikia kama naambiwa mimi.

"Ni mwalimu."

"Mwalimu gani anapumua hivyo?"

Nikaona nimwokoe mwenzangu. Lakini nilikuwa nimekunja shingo, koo limebanwa na vumbi la barabara nzima, na nilipotamka, "Ni mimi, shemeji," sauti ilitoka nyembamba na laini, kama ya msichana wa kwaya akiomba maji. Simu ikakatika. Mwalimu wa Mutomo alinitazama kwa muda mrefu. Siku mbili zilizobaki alikula chakula chake meza ya mbali.

Nilirudi shuleni na daftari lililojaa michezo na moyo uliojaa ari, mchanganyiko ambao wanafunzi wanaujua na kuuogopa. Wao hawakuwa na haja ya Chicago wala Brazili, maana nilipowauliza wanajua mchezo gani wa kupasha mwili, walijibu kwa pamoja: nyama nyama! Huu hauna mwenyewe. Kiongozi anaita majina ya wanyama, na mnyama akiwa analiwa, kundi linaruka na kupaza sauti, "Nyama!" Akiwa haliwi, unatulia tuli. Anayeruka kwa fisi anatoka. Unapasha miguu, sauti na akili kwa wakati mmoja, na mwalimu halipwi posho kwenda kuusomea Kitui.

Basi tukaanza. Nyama ya ng'ombe, wakaruka. Nyama ya mbuzi, bwalo likatikisika. Nyama ya kunguru, wakatulia, isipokuwa mmoja aliyekuwa na njaa. Nikajiona mkufunzi. Ndipo nikaropoka: "Nyama ya punda!"

Nusu wakaruka.

Msomaji wa kwingine huenda asione tatizo. Huku kwetu punda ndiye bomba la maji. Asubuhi unamkuta njiani amebeba mitungi minne ya plastiki, mwenyewe nyuma na fimbo, na nyumba nzima itakunywa, itapika na kuoga kwa miguu yake. Lakini miaka ile machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa nchini, ngozi zikisafirishwa China, na mojawapo lilikuwa katika kaunti jirani ya Machakos. Punda walikuwa wakiibwa usiku. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, ila siku hiyo bwaloni 2020 ilikuwa bado haijafika, na msichana wa kidato cha pili, ambaye kwao wana punda wawili, alimgeukia mvulana aliyeruka.

"Wewe umekula punda?"

"Nimesema analiwa. Sikusema nimemla mimi."

"Analiwa na nani?"

Mvulana akataja mjomba. Pale ndipo mchezo ulipokufa na kesi ikazaliwa. Mmoja akajifanya hakimu, wengine mashahidi, mwingine akaweka mikono na magoti sakafuni akawa punda mwenyewe na kuomba apewe nafasi ya kujitetea. Walizozana kwa saa nzima kwa Kiswahili sanifu ambacho darasani sijawahi kukipata hata kwa kiboko cha mtihani. Mimi nilikuwa nimekaa kando nikiandika haraka haraka. Tamthilia yetu ya mwaka ule ilitoka hapo, na kama jina langu lilionekana kama mtunzi kwenye karatasi ya majaji, ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Kwenye mchezo wa kuaminiana sitakawia. Unasimama umewapa wenzako mgongo, unafumba macho, unajiachia kinyumenyume, nao wanakudaka. Nilitaka niwe mfano. Nikawahutubia kuhusu imani, nikafumba macho, nikajiachia, na nilipokuwa hewani kengele ya chakula cha mchana ikalia. Ilikuwa Ijumaa, siku ya wali. Aliyebaki nyuma yangu alikuwa mmoja tu, mtoto wa kidato cha kwanza, na yeye mkono wake ulikuwa umefungwa plasta. Alisema pole. Kwa wiki mbili nilifundisha nimesimama, na wanafunzi wakaenda kuarifu majumbani kwamba mwalimu ana bidii mpya.

Lakini aliyetufundisha kazi hasa alikuja mwenyewe, bila kualikwa. Kila jioni tulikuwa tunapasha sauti chini ya mwembe ulio karibu na ua wa shule: tunavuma kwa midomo iliyofungwa, tunapandisha, tunafungua vinywa kama simba, tunalia ooo hadi pumzi iishe. Siku ya tatu nikamwona bibi mmoja, wa umri wa mama yangu mkubwa, amesimama uani na fimbo yake.

"Wakya," akanisalimu.

"Aa, susu," nikaitikia, yaani bibi.

"Mgonjwa ni nani?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akanitazama kama wanavyotazamwa watu wanaowaficha wagonjwa. Kwake yeye, sauti zile zilikuwa na maana moja: kilumi, ngoma ya akina mama wazee, inayochezwa kutuliza pepo na kuomba mvua. Sasa alitaka kujua ni pepo gani huyu anayeitwa bila ngoma, tena na watoto wa sare. Nilimweleza kuhusu koo, kiwambo cha tumbo na pumzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaketi juu ya mzizi, akasema, "Endeleeni, nione."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Nilisoma zamani kwamba kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya tamthilia yalifanywa hadharani na wanakijiji wakawa wanawasahihisha waigizaji. Niliposoma nilidhani ni jambo zuri sana. Sikujua linavyouma. Susu alikataa namna punda wetu alivyosimama. Punda mwenye mzigo, alisema, hukaza shingo, halegei kama mlevi. Alimkataa hakimu wetu. Kuhusu zoezi langu la kulegeza mabega, lililokuwa ukurasa mzima kwenye daftari, hakusema kitu. Aliinuka tu, akaegemeza fimbo mtini, akaanza kupiga makofi taratibu, na mabega yake yakaanza kutikisika, ya kulia, ya kushoto, huku kichwa kimetulia kana kwamba kimebeba mtungi. Watoto wakamfuata. Baada ya dakika mbili walikuwa wanatiririka jasho na kucheka. Nililifunga daftari. Nilijaribu na mimi, lakini ile nusu niliyoangukia ilikuwa bado haijapona.

Katika mashindano ya drama, ngazi ya kaunti tulipita. Mashindano ya kanda yakafanyika Kitui, na huko ari ilituponza. Tulipasha sauti kwenye basi tangu Kibwezi, tukapasha Mutomo, tukapasha tena chini ya mwarobaini nje ya ukumbi, hadi wanafunzi wa shule nyingine na waendesha boda boda wawili wakajiunga nasi kwenye duara. Tulipoitwa jukwaani, hakimu alikuwa amekaukiwa na sauti, na punda, alipofikia kilio chake kikuu, alifungua kinywa kukatoka upepo. Tukawa wa nne. Shule zilikuwa tano, na mimi nilikuwa nimepiga kelele nyuma ya pazia kuliko wote.

Wakati wa kurudi wanafunzi walisihi tusimame Nzambani. Dereva akapinda. Niliwapa nusu saa na onyo moja: mzunguko wa sita ndio mwisho. Waliporudi walikuwa wanazozana kama ile safari ya kwanza, ya kutafuta njia, inahesabiwa au haihesabiwi. Wawili hawakuonekana. Nikaenda kuwatafuta, nikiita kwa sauti isiyokuwapo, nikazunguka, nikarudia, nikapita pale pale palipo na kichaka kile kile, nikiwaza wali, jua na majaji. Mara ngapi, siwezi kuapa. Wale wawili walikuwa garini zamani, wamelala.

Nilikaa kiti cha mbele, kwa upande ule mzima. Basi lilipoanza kuondoka simu yangu ikalia. Mke wangu. Nikasema haloo, nikamweleza kwamba tumeshatoka Kitui.

Kimya kidogo.

"Wewe dada," akasema, "hebu mpe simu mwenyewe."