Ukuta Umelowa, Tangi Tupu

Fundi bomba alituachia kanuni moja: tangi likijaa, maji hutiririka ukutani nyuma ya jiko. Tuliishi nayo miaka mitatu bila taabu, mpaka Jumamosi ile ya posa ya binti yetu.

Alfajiri niliwasha pampu ya kisima. Baada ya robo saa nikaona ukuta umelowa, nikazima, nikarudi ndani roho kwatu. Saa nne, wazee kutoka Tanga wakiwa wameshafika Chalinze, bomba la jikoni likakohoa, likakata. Mchele ulikuwa haujaoshwa, masufuria ya jana hayajaguswa, na mke wangu yuko bafuni, povu limemjaa kichwani. Nikakimbilia pampu, umeme nao ukakatika. Tukabeba ndoo 18 kutoka kwa jirani.

Aliyegundua kosa ni mpwa wangu, anayejiandaa kwa LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani, unaotolewa tangu 1948. Alipanda ngazi, akagonga tangi, likalia debe tupu. Yale maji yalitoka kwenye kiyoyozi cha chumba cha wageni, tulichokiwasha usiku kucha kwa heshima ya ugeni.

“Mjomba, kanuni ni sahihi. Umeisoma kinyumenyume.”

Akanieleza huku tukichambua mchele. Tangi likijaa, ukuta lazima ulowe. Lakini ukuta unaweza kulowa kwa mengine. Kanuni hiyo hugeuzwa salama kwa njia moja: badilisha pande zake, kisha kanusha zote mbili. Ukuta ukiwa mkavu, tangi halijajaa. Kubadilisha bila kukanusha, kama nilivyofanya, ni kosa. Kukanusha bila kubadilisha ni kosa vilevile. Kila sehemu ya mtihani ina dakika 35, kila swali majibu matano, na mara nyingi mojawapo ni kanuni iliyogeuzwa vibaya. Mafumbo ya kupanga watu na viti yaliondolewa Agosti 2024, ila hoja za “kama” na “basi” zimebaki, na kati ya sehemu tatu zenye alama, mbili ni za hoja.

Neno dogo “tu” ndilo linalomsumbua zaidi. Pampu huwaka ikiwa tu umeme upo: bila umeme haiwaki, lakini umeme peke yake hautoshi.

Posa ilipokelewa. Umeme ulirudi saa kumi, tukasubiri maji hadi magharibi. Swichi ya pampu hakuna aliyeibonyeza.