Mjumbe Aamua Kesi ya Majini

Uvimbe ulitokeza juu ya jicho la kushoto la baba watoto usiku wa Jumamosi. Kesho yake kila aliyekutana naye njiani akienda kununua chapati alitaka kujua umetoka wapi. Alijibu kweli tupu: amegongwa na kitabu. Sasa hapa Mbagala, mwanamume akisema kagongwa na kitabu usiku, kitandani, watu hawaulizi ni kitabu gani. Wanamtazama mkewe.

Kitabu chenyewe ni A Court of Wings and Ruin cha Sarah J. Maas, kilichotoka 2017, kurasa zipatazo 700. Nilikuwa nimelala chali nakisoma kwa mwanga wa simu, usingizi ukanipitia, kikamwangukia mwenzangu. Ni cha tatu katika mfululizo ulioanza 2015. Vyote kaniletea wifi yangu anayeishi Uingereza, ambaye kila jioni hunitumia ujumbe uleule: "Wifi, umefika wapi?" Huuliza kama mwenye duka anayemkumbusha mteja daftari la mkopo.

Kwa asiyevijua: binti maskini aitwaye Feyre anamuua mbwa mwitu msituni, kumbe si mbwa mwitu. Anachukuliwa kulipa fidia, anapelekwa nchi ya viumbe wazuri wanaoishi karne na karne, na huko anampenda bwana mmoja, Tamlin, mwenye kujigeuza mnyama. Msingi wake ni ngano ya Kifaransa ya msichana na dubwana, ikaongezewa uchawi, vita na mambo ya chumbani ambayo mama mkwe nilimsimulia kwa kifupi: wakalala, kukacha.

Maana nilikuwa namsimulia, tukichambua mchele uwani. Alikata shauri mapema kwamba hao ni majini. Wazuri kupita kiasi, hawazeeki, na ukitamka neno wanakushika nalo. Nilipofika pale Feyre anapoponywa mkono na bwana mwingine, Rhysand, kwa sharti la kwenda kukaa kwake wiki moja kila mwezi, mama aliweka ungo chini. "Huyo kishaingia mkataba na jini," alisema. "Mwisho wake unajulikana."

Mkutubi mmoja wa Seattle, Nancy Pearl, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50 kabla hujakiacha, na ukishavuka miaka 50 toa umri wako katika 100, zinazobaki ndizo zako. Mama mkwe ana miaka 74, kwa hiyo deni lake ni kurasa 26 tu. Yeye alikwenda vitabu viwili vizima, na cha pili alikwenda nacho kwa hasira. Siku ya harusi ya Feyre na Tamlin, Rhysand anatokea kudai wiki yake, na kabla kitabu hakijafika nusu bibi harusi kahamia kwa huyo mdai. "Kamwacha mwenzake bila kikao?" Hakuna wazee, hakuna mshenga, hakuna aliyeulizwa habari ya mahari. Tangu hapo mama akawa upande wa Tamlin, nami nikawa wakili wa Feyre jikoni kwangu mwenyewe. Maharage yaliungua kwa ajili ya kesi ile.

Cha tatu kikanishinda. Ufundi wa riwaya hizi ni kuchelewesha: mkono unakaribia mkono, mlango unagongwa. Mapenzi yakishatulia, mwandishi hana budi kuwatafutia wapenzi kazi nyingine, na mara nyingi kazi hiyo huwa kuiokoa dunia. Wapenda vita watafaidi. Mimi nilifuata mapenzi, nikajikuta nasoma kikao cha mabwana wa nchi kirefu kuliko vikao vya wazazi shuleni kwa watoto.

Kwa nini basi sikuacha? Mwalimu na mwandishi Mfaransa, Daniel Pennac, aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Pennac hakuweka kifungu cha wifi. Arkes na Blumer, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1985 kwamba watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza walihudhuria zaidi, angalau katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopunguziwa. Mtu huifuata fedha yake. Mimi sikutoa hata shilingi, na bado nilikuwa nafuata. Nadhani ni shule pia. Sisi tulisoma Watoto wa Mama N'tilie hadi neno la mwisho kwa sababu swali la mtihani lingeweza kuchomoza ukurasa wowote, na wifi alikuwa na sauti ya msimamizi wa mtihani.

Jumatatu jioni mjumbe akapiga hodi. Uvumi ulikuwa umekua: asubuhi nilimpiga mume kwa mwiko, mchana kwa mchi. Akapewa kiti uwani. Badala ya kunitetea, baba watoto akasema, "Muulize mama." Kitabu kikaletwa kama kielelezo. Mjumbe akakipima mkononi, akakubali kwamba kinaweza. Kisha akauliza kinahusu nini, na mama mkwe akapata alichokuwa akikisubiri.

Alimtetea Tamlin kwa ufasaha ambao hajawahi kuutumia kumtetea mwanawe. Mwanamume kajenga, kapenda, kaitisha harusi, wageni wamekaa, mchumba kachukuliwa na jini! Mjumbe, mtu aliyesuluhisha ndoa za mtaa huu tangu sijahamia, alisikiliza ameshika kidevu.

"Huyu Tamlin alimfanya nini huyo binti?"

Mama kimya. Nikajibu mimi: alimfungia ndani. Aliizingira nyumba nzima kwa uchawi asitoke, eti kwa usalama wake.

"Mama, hili hukulisema."

"Alikuwa anamlinda."

"Nimesuluhisha wengi waliokuwa wanalinda." Akamaliza chai yake. "Binti ana haki ya kuondoka. Mahari, kama ilitoka, wazee wakae." Akaaga. Habari ya uvimbe haikuguswa.

Mama aliipokea hukumu shingo upande. Kesho yake nilipoanza kumsimulia cha tatu, alinikatiza: "Ya nini tena? Kesi si imekwisha?"

Nikamwambia kuna vita, na baada ya hicho kuna kingine cha 2018 na kingine cha 2021.

"Kwani hao wawili wataachana?"

"Hapana, mama."

"Basi waache watu na ndoa yao."

Nikakirudisha kitabu kabatini, ukurasa ukiwa haujakunjwa. Nikakaa kuisubiri hatia. Kabla haijafika, bomba likaanza kutoa maji, nikakimbilia ndoo.

Usiku wifi akauliza nimefika wapi. Nikaandika: "Nimeishia vitani, siendelei." Akapiga simu papo hapo, nami nikajiandaa kwa lolote. Hakugusia kitabu nilichokiacha. Alichotaka kujua ni kama kweli mjumbe amempa haki Feyre. Nilipothibitisha, akasema mjumbe kasikiliza upande mmoja, Tamlin hakupewa nafasi ya kujieleza, naye akija Desemba atakata rufaa. "Hebu mpe mama simu."

Nikampa. Waliongea mpaka chaji ikaisha.