Nyumba ya Fundichuma wa Ubundu

Hapo Ubundu, mto Lualaba unapokutana na miamba, hakuna chombo kinachopita. Mitumbwi na mashua ziitwazo mabalenieri zinazoteremka kutoka Kindu hufunga kamba pale, kwa kuwa mbele yake yamefuatana maporomoko 7 ya Boyoma mpaka Kisangani. Na tangu mwaka 1906, Wabelgiji waliouita mji huo Ponthierville walipomaliza kutandika reli ya kilomita 125 ya kuyazunguka maji hayo, kila mzigo unaotaka kwenda mbele sharti uteremshwe, utazamwe, ubebwe kichwani au begani. Wachukuzi wa bandari ile wanajua uzito wa mali kuliko wenye mali. Ndege, ambaye mbawa zake hazikuumbiwa mzigo, ndiye aliyekuja kunaswa nayo.

Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kilicholalia kisogoni, alikuwa na mke mwema na mti mkubwa ulioinamia mto. Siku za mwanzo nyumba yao ilikuwa bakuli la vijiti katika panda ya tawi, na mkewe akasema yatosha, limebaki paa tu. Paa likaezekwa, kuta zikakandikwa tope, mlango ukaelekezwa chini kwenye maji ili adui asipate pa kukanyaga. Kwa kila mwenye akili, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini bandari humwaga vitu: kipande cha kikwembe, kifuniko cha bidoni, uzi wa wavu uliokatika, waya, mfupa wa samaki, gamba la nyoka aliyejivua. Fundichuma alikuwa akishuka asubuhi na kupanda jioni, na kwa kila alichookota alisema, "Kitafaa siku moja." Siku hiyo hakuitaja ni lini, wala hakuna aliyemuuliza.

Nyumba ikavimba. Ikawa na upana wa mita 1.5, vijiti vyake maelfu, na paa lake likawa gumu hata mtu mzima angesimama juu lisibonyee. Wapita njia walitua kuitazama. Korongo alisema hajaona kasri kama lile toka Kindu, na kunguru, ambaye husifu kila mahali anapotarajia kula, akaomba aonyeshwe mlango. Ndani, hata hivyo, chumba kilikuwa kile kile cha siku ya kwanza: mahali pa kujikunyata ndege wawili na makinda yao, bega kwa bega, giza tupu. Kila kilichoongezwa kiliongezwa juu na kando. Mwenye nyumba alikuwa tajiri wa kuta, na usiku alilala amekunja miguu ili asimkanyage mwanawe.

Makinda yalikuwa matano. Kwa kuwa kuta zilikuwa nene, baba na mama walizoea kuyaacha peke yao kutwa nzima. Baba akitafuta nyongeza, mama akikandika upya pale nyongeza ilipopasua tope la jana. Yakilia njaa, sauti haikutoka nje. "Ukuta utawalea," Fundichuma alisema. Nami katika hekaya hii yote hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa maana chura walikuwa tele katika kijito kilichopita chini ya mti ule, na mzazi mwenye nafasi angejaza midomo mitano kabla jua halijapanda.

Kisha akaanza nyumba ya pili katika mti huo huo, na kabla haijakauka akaanza ya tatu. Alipoulizwa atakaa nani, alijibu kwamba mkubwa hapimwi kwa nyumba moja. Bundi hakuuliza kitu. Aliingia katika ile ya pili usiku mmoja, akageuza macho yake mlangoni, na asubuhi Fundichuma akampa salamu kama mpangaji anavyompa mwenye nyumba. Ya tatu akaichukua kenge. Hakuna kati yao aliyewahi kuokota hata kijiti kimoja.

Ng'ambo ya kijito, mchangani, aliishi ndege mwingine, Chekeamwezi, na mumewe. Nyumba yao ilikuwa kishimo kidogo kilichoparuzwa kwa mguu, na mayai mawili yenye madoa kama mchanga wenyewe. Mama Fundichuma alikwenda kuwaamkia, akaduru huku na huku, akauliza kwa huruma ya kweli, "Mdogo wangu, nyumba iko wapi nikae?"

"Umekaa ndani yake, yaya. Karibu."

"Na vitu vyenu?"

"Mume wangu yule, anarudi na chakula. Mayai haya. Na jioni, mkilala ninyi, tuna mwezi wote."

Mama Fundichuma alicheka, lakini hakuondoka upesi. Alikaa pale mpaka jua likazama, akawatazama wawili wale wakipokezana kuatamia, huyu akila yule akilinda, wakizungumza. Akakumbuka kwamba yeye na mumewe hawakuwa wamezungumza jambo lisilohusu vijiti tangu paa lilipoezekwa.

Mvua kubwa zikaja, na mto ukapanda. Makinda ya Chekeamwezi, ambayo hutembea mapema, yaliwafuata wazazi wao kwa miguu mpaka juu ya ukingo, na safari ikawa imekwisha, kwani hapakuwa na cha kurudia. Mti wa Fundichuma ulikuwa umebeba nyumba tatu zilizolowa, kila moja nzito kuliko jana, na mizizi imeoshwa. Mama aliwahimiza watoto, waliokuwa wameota mbawa, waruke. Baba alibaki akichagua: kikwembe au waya, kifuniko au uzi. Alikuwa bado hajaamua mti ulipong'oka, akaponea tundu la sindano. Bundi alikuwa ameshahama.

Mali ile ikashuka maporomoko yote saba, na mwisho wake, kule Kisangani, wavuvi Wagenia walipopandisha mitego yao, yale matenga makubwa yafungwayo kwa kamba za msituni kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali, wakakuta waya na vitambaa mahali pa samaki. Waliviondoa kwa subira, kimoja kimoja, maana tenga lililoziba halivui.

Ubundu, siku ya nne, Fundichuma akaanza upya kwenye mti mwingine. Mkewe alijenga naye bila kinyongo mpaka paa likafunga na tope likakauka. Ndipo akakaa mlangoni, watoto nyuma yake, na mume aliporudi na kipande cha kitambaa chekundu mdomoni, hakumpisha.

"Baba watoto, hicho cha nani?"

Alitaka kumweleza kwamba kitafaa siku moja, ila mdomo ulikuwa umejaa. Na alipoufumbua aseme, kitambaa kikaanguka mtoni. Alikitazama kinavyokwenda. Mkewe akamwambia kijito kimejaa chura, na watoto hawajala. Akaenda.