Mwamba ni Nchi, Zanzibar Siyo

Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Orodha ya DXCC, tuzo ya ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, ina "nchi" 340. Ukithibitisha mawasiliano na 100 unapata cheti. Ukibakiza tisa au pungufu unaingia Orodha ya Heshima, na hapo ndipo usingizi unapoisha.

Maana zinazobaki mara nyingi hazina mwenyeji wa kuitikia hodi. Bouvet, kisiwa cha Norwe, ni barafu na pengwini. Mwaka 2007, ili Scarborough katika Bahari ya Kusini ya China ipigiwe tiki, wanaredio walikwenda kukaa juu ya majukwaa ya mbao yaliyosimikwa kwenye mawe yanayochungulia majini.

Na mazungumzo yenyewe? Ishara ya wito, "tano tisa", kwaheri. Tano tisa maana yake nakusikia barabara, na hupewa hata aliyeombwa arudie mara nne. Tangu 2017 kuna FT8, mtindo wa kidijitali: kompyuta husalimiana, mwenye redio huhesabu mavuno.

Zanzibar nayo ilikuwemo kwenye orodha. Muungano ulifanyika 1964. DXCC ikaendelea kuihesabu peke yake hadi Mei 31, 1974, kisha ikaifuta. Leo mtu wa Unguja akiita hewani ni Tanzania tu, tiki ambayo mzee wa Ohio aliipata zamani.

Hamjibu. Anasubiri mawe yaongee.