Barua ya wazi kwa DEA, kuhusu kopo la Bwana Randall

Kwa Wakuu wa Idara ya Kupambana na Dawa za Kulevya,
Marekani.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Afrika Mashariki. Wanaowalaumu ni wengi, basi mimi naandika kuwapongeza. Nimesoma habari za marehemu Robert Randall, raia wenu, na nimeona jinsi mlivyovumilia.

Kijana yule aliugua presha ya macho, na daktari akamwambia amebakiwa na miaka michache ya kuona. Usiku kila taa ya barabarani aliiona imezungushiwa duara la rangi. Siku moja akavuta bangi, maduara yakapotea. Basi akapanda miche minne nyumbani kwake Washington, na mwaka 1975 polisi wakamkamata. Walifanya vyema. Mtu anayenusurika upofu kwa kilimo cha kibarazani ni hatari kwa taifa.

Kosa lake kubwa ni kwenda mahakamani na vipimo. Dawa za hospitali zilikuwa zimeshindwa kushusha presha ile, bangi ikaishusha. Novemba 1976 mahakama ikakubali kwamba mgonjwa hakuwa na njia nyingine, na serikali ikaanza kumpa bangi.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Bangi yenyewe ililimwa kwa mkataba wa serikali, katika Chuo Kikuu cha Mississippi. Ikapelekwa North Carolina kusokotwa kwa mashine, ikatiwa kwenye makopo ya bati, misokoto 300 kwa kopo. Wavutaji wa huku, wanaosokotea karatasi ya gazeti, wangelia kwa wivu. Na wakati wote huo sheria yenu ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi la kwanza pamoja na heroini, kwa maelezo kwamba haina matumizi ya tiba yanayokubalika. Kokeini iko kundi la pili. Hiyo ina heshima zake.

Mwaka 1978 mgao wa Randall ukakatwa. Akashitaki, ukarudi. Angeweza kukaa kimya na kopo lake, lakini yeye na mkewe, Alice O'Leary, wakaanza kuwahangaikia wagonjwa wengine. Kumbe uanaharakati ni fomu! Wengi hudhani ni mabango na kelele. Hawa walishinda mezani wakiwasaidia wagonjwa na madaktari kujaza makaratasi ya idara tatu, na yenu ikiwamo, ili mtu mmoja mwenye saratani apate alichokuwa akiuziwa mtaani bila fomu hata moja.

Mwaka 1988 hakimu wenu wenyewe, Francis Young, alisikiliza ushahidi wote akashauri bangi ishushwe kundi la pili. Mwaka uliofuata mkamkatalia. Wagonjwa wa UKIMWI walipoanza kuomba kwa wingi, mpango huo wa kuwagawia wagonjwa bangi ukafungwa mwaka 1992; waliokwisha kuingia wakaendelea kupokea makopo. Ni busara: dawa ikianza kutakiwa na watu wengi, dawa hiyo ina kasoro.

Randall alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 53, bado anaona. Miaka miwili baadaye serikali yenu ikapata hataza namba 6,630,507, inayozitaja kemikali za bangi kuwa kinga ya ubongo. Kundi halikubadilika.

Na sisi hatuko nyuma. Mwaka 2021 Rwanda iliruhusu bangi ya dawa ilimwe, shabaha ikiwa soko la nje. Inaonekana mmea huu hutibu vizuri zaidi ukishapanda ndege.

Ombi langu ni dogo: nitumieni nakala ya hati mojawapo iliyosindikiza kopo la Randall. Nataka kuona palipoandikwa aina ya bidhaa. Kama waliandika dawa, nielezeni hilo kundi la kwanza. Kama hawakuandika dawa, basi walipa kodi wenu wangependa kujua walikuwa wakimsokotea nini.

Wenu mtiifu,
Mwandishi (asiyevuta)

Nakala: Bwana Shamba, Chuo Kikuu cha Mississippi