Namna ya Kuhudhuria Semina ya Walimu na Kurudi Ulivyokwenda

Taarifa ya semina hutupwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu Alhamisi jioni: picha ya barua iliyopigwa kwa mkono unaotetemeka, mhuri umekatika nusu, semina Jumatatu saa 2:00 asubuhi, mahali ni makao makuu ya mkoa. Usiulize kwa nini imechelewa. Kazi yako ya kwanza, kama mwalimu wa sekondari mwenye kiu ya kujiendeleza, ni kuhakikisha jina lako limo.

Elewa mapema kwamba anayechaguliwa si lazima awe mwalimu wa somo husika. Semina ya Hisabati inaweza kabisa kuhudhuriwa na mwalimu wa Uraia ambaye mwaka mzima hajasafiri, kwa kuwa mkuu wa shule ni mtu wa haki na anagawa nafasi kwa zamu. Kama wewe ndiye mwalimu pekee wa Fizikia shuleni, pole. Wewe huendi. Ukienda, nani atabaki na Kidato cha Nne?

Ukifika, utasaini. Utasaini asubuhi, utasaini baada ya chai, utasaini tena kabla ya kutoka: jina, cheo, kituo cha kazi, namba ya simu, namba ya akaunti. Hiyo ya akaunti iandike kwa mwandiko ambao wanafunzi wako hawajawahi kuuona ubaoni. Kisha subiri mgeni rasmi. Atakuja saa 4:30, atawakumbusha kwamba mwalimu ndiye msingi wa taifa, ataomba radhi kwamba ana kikao kingine, na ataondoka na msafara wake huku mkipiga makofi ya kilo.

Uchaguzi wa viongozi wa semina unafuata. Ukatibu ukimbie, maana katibu huandika taarifa usiku wenzake wakiwa mjini wanatafuta vitenge vya kupeleka nyumbani. Utunzaji wa muda nao hauna faida, kwa sababu muda wenyewe umeshaliwa na mgeni rasmi. Gombea ustawi. Mtu wa ustawi ndiye anayefuatilia kama supu imefika, na ndiye wa kwanza kujua posho inatoka leo au kesho. Ukigawiwa kikaratasi cha kuandika matarajio yako, andika "kupata mbinu mpya za kufundishia". Lile tarajio lingine kila mtu ukumbini analo, na halihitaji kuandikwa.

Sasa mada. Mada ni ufundishaji shirikishi, na inawasilishwa na mwezeshaji anayesoma slaidi neno kwa neno, uso ukutani, mgongo kwenu, kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Tangu mtaala wa sekondari wa Tanzania ulipogeuzwa kuwa wa umahiri mwaka 2005 tunaambiwa kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha somo na mwalimu ashuke jukwaani. Tunaambiwa hivyo kutoka jukwaani. Usicheke, nakili. Hapo ndipo utakapofahamu, kwa mwili wako mwenyewe, hali ya mtoto wa kipindi cha nane aliyekaa nyuma karibu na dirisha, na kusema kweli hilo ndilo somo la saikolojia ya elimu lililo bora kuliko yote ya wiki hiyo, ingawa halimo kwenye ratiba.

Utagundua pia kwamba slaidi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kila zinapofikia mahali pagumu mwezeshaji anaziacha na kueleza kwa Kiswahili, na ukumbi mzima unaitikia "aaah". Watu wazima wenye shahada wanaelewa jambo likielezwa kwa lugha yao. Jumatatu ijayo utarudi kumfundisha usanisinuru, kwa Kiingereza kitupu, mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Ukijisikia kunyoosha mkono kuhusu hilo, shusha. Litapelekwa kwenye maegesho.

Maegesho ni karatasi ya bango kitita iliyobandikwa karibu na mlango, ambako maswali mazuri hupelekwa yakasubiri. Utayakuta pale yote: tutafanyaje kazi za vikundi katika mkondo wa wanafunzi 90, jaribio la titresheni litafanyikaje bila bureti, madaraja yatapanda lini. Siku ya mwisho karatasi hukunjwa kwa heshima na kuondoka na mwezeshaji. Swali liingialo maegesho halijapata kuonekana tena barabarani.

Kazi ya vikundi isikutishe. Kila kikundi kitapewa jina la mlima au mto, bango kitita moja na makapeni mbili, moja ikiwa imekauka. Mtafute mwenye mwandiko mzuri, mpeni kalamu, ninyi wengine zungumzeni mambo ya msingi. Na hapa naomba nivue kofia ya mzaha kidogo, kwa sababu katika mazungumzo hayo ya pembeni, kati ya bei ya mahindi na habari za uhamisho, utamsikia mwalimu kutoka shule ya kata usiyoijua akieleza jinsi anavyotumia vizibo vya soda kuwafundisha wanafunzi wake kusawazisha milinganyo ya kemia, na jinsi waliokuwa wakikimbia somo walivyorudi. Hakuna aliyemwomba apande mbele. Hayumo kwenye kitini. Muda wa vikundi ukiisha, kitakachosomwa ni kilichoandikwa kwenye bango, nacho ni fasili ya umahiri.

Haya, kofia imerudi. Posho ikitoka, vyeti vikagawiwa na picha ya pamoja ikapigwa, kinabaki kipengele kimoja, nacho ndicho moyo wa mfumo mzima: mrejesho.

Mrejesho unafanya kazi hivi. Wawezeshaji wa kitaifa wanafunzwa siku kadhaa. Wao wanawafunza wawezeshaji wa mkoa kwa siku chache zaidi. Hao wanakufunza wewe na wenzako wachache. Wewe sasa unatakiwa kuwafunza walimu wote wa shule yako, bila siku hata moja, katika kikao cha wafanyakazi, baada ya ajenda ya ulinzi wa bweni na kabla ya "mengineyo". Ni maziwa ya mchuuzi yanayoongezwa maji kila kituo: yakifika mwisho wa njia ni meupe bado, na hakuna awezaye kuapa kwamba si maziwa. Mtaala mpya ulipoanza kuingia madarasani Januari 2024, wako waliousikia kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo hiyo, kutoka kwa mwenzao aliyesimama, akaonyesha kitini kwa mbali, akasema, "Waheshimiwa walimu, mambo ni mengi, muda ni mchache, kitini nitakiacha kwa mwalimu wa taaluma." Mwalimu wa taaluma akakifungia kabatini. Mthibiti ubora wa shule akija, kabati litafunguliwa.

Usipopenda safari, ipo njia ya mtandaoni. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wake wa kujifunzia. Fungua moduli, kiegeshe kishikwambi kwenye kopo la sukari, endelea kusahihisha. Bando ni lako. Na kabla hujalalamika, watazame jirani. Mwaka 2021 tume inayowaajiri walimu wa Kenya ilizindua mafunzo ya lazima yenye moduli sita, kila moja miaka mitano, na mwalimu alipe mwenyewe shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Piga hesabu: miaka 30. Aliyeanza akiwa na miaka 30 angehitimu siku ya kustaafu, na angeweza kuwafundisha wajukuu zake kwa umahiri mkubwa. Vyama vya walimu vilipiga kelele, na sioni kwa nini visingepiga.

Liko jambo moja la kuepuka kabisa. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunaouita MEWAKA kwa kifupi, kwa maandishi yake hautaki ukumbi wala mgeni rasmi. Unataka walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara katika jumuiya ya ujifunzaji, wachague mada inayowashinda, waandae somo pamoja, mmoja akafundishe na wengine wakae nyuma watazame, kisha warudi kuulizana. Hakuna nauli, hakuna cheti cha kubandika ukutani, na huwezi kumtuma mwalimu wa Uraia kwa niaba yako.

Hatari yake ni kwamba inafanya kazi. Unaingia kwa mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili, unamwona akifundisha uwiano kwa dakika kumi, na ghafla unatambua kwa nini wanafunzi wako walikwama kwenye moli muhula mzima: hawakushindwa kemia, walishindwa kugawanya. Mnakubaliana yeye aanze na uwiano wiki moja kabla yako. Unafurahi. Unamshukuru. Naye anakuuliza aje kwako siku gani, na siku pekee ambayo ratiba yake inamruhusu ni Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho, Kidato cha Pili B.