Barua kwa Ami Juu ya Ukandaji wa Farasi

Newmarket, Uingereza

Kwa Ami yangu mpendwa na mheshimiwa, pamoja na jamaa wote wa barazani, Lamu.

Mimi ni mzima wa afya, ila baridi, ambayo sitaieleza kwa kuwa kila aliyepata kuja Ulaya amekwisha kuwachosheni nayo. Lililonishikisha kalamu ni habari iliyonifikia kwa simu, ya kuwa umetangaza mbele ya watu wazima kwamba mwana wa nduguyo anasomea udaktari. Nakusihi ulirudishe neno hilo upesi, maana sheria ya nchi hii ya mwaka 1966 imewawekea waganga wa wanyama waliosajiliwa kazi ya kuwatibu wanyama, na mkandaji mfano wangu hamshiki farasi mgonjwa mpaka mganga wake aridhie. Nami sipendi kufikishwa kwa kadhi wa Kizungu kwa ajili ya cheo nilichopewa hali ya kuwa sipo.

Mji huu, Ami, ni wa farasi, na binadamu wamo kwa hisani. Farasi wa mbio waliomo wapita 2,000, nao wana njia zao za kupitia mjini, na pale njia hizo zinapokata barabara ya magari pamewekwa kitufe cha kusimamisha magari juu sana, ili mpanda farasi akibonyeze pasipo kushuka. Aghalabu farasi hawa, ukiifuata nasaba yao ya kuumeni, huishia kwa dume mmoja wa Kiarabu aliyenunuliwa mjini Halab, nchi ya Sham, na Mwingereza Thomas Darley, akaletwa huku mwaka 1704. Kwa sababu hiyo kila niingiapo bandani alfajiri huwatolea salamu kwa lugha ya babu zao. Hajaitika hata mmoja. Naona wamekaa ugenini siku nyingi kuliko mimi.

Ama kazi yenyewe, msiilinganishe na ile ya Bibi, ambaye humlaza mtu mkekani akamtia kiwiko mgongoni mpaka mwenyewe akatubu madhambi ambayo hakuyatenda. Njia tunayofundishwa ilianzishwa na Mmarekani Jim Masterson, na daraja za nguvu za mkono humo zimepewa majina ambayo mtu akiyasikia atadhani ametumwa sokoni: ya kwanza ni upenyo wa hewa, ambapo mkono haugusi kitu, kisha kiini cha yai, kisha zabibu, kisha limau laini, na mwisho kabisa ndimu ngumu, ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuikimbilia. Sababu yake ni hii: farasi ni mnyama wa kuwindwa, na huko nyikani aonekanaye anachechemea ndiye aliwaye kwanza, basi ameumbwa na tabia ya kuyaficha maumivu yake, na umsukumapo kwa nguvu hukaza misuli akakusukuma naye, na madhali uzito wake ni kilo 500, matokeo ya mashindano hayo yajulikana kabla hayajaanza. Lakini mkono mwepesi haumpi kitu cha kushindana nacho.

Basi huanzia kisogoni, ukauteremsha mkono aste aste kandokando ya uti wa mgongo, jicho lako likitazama jicho lake; na pale anapopepesa kope husimama papo hapo, ukangoja. Hungoja sana, Ami. Wanenao husema kuwa mkono hufuata mshipa usioonekana wa tiba ya Kichina, na hapo mimi hunyamaza kwa adabu. Hata hivyo, baada ya kitambo hicho farasi hulamba midomo, akakoroma puani, akainamisha kichwa, kisha akapiga mwayo mkubwa unaoonyesha meno yote mpaka ya nyuma. Kwetu mtu akikupigia miayo ukisema naye, heshima yako imekwisha. Huku mwalimu huja akakupa mkono.

Lililonistaajabisha kupita yote ni kwamba farasi hana mtulinga. Sisi mabega yetu yameungwa na kifua kwa mfupa huo, lakini kifua cha farasi kimetundikwa baina ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tupu, na juu yake hukaa tandiko na bwana aliyeshiba. Ndiyo maana kazi yetu kubwa iko begani: huinua mguu wa mbele, ukaupokea uzito wake, kisha ukauteremsha taratibu kuelekea nyuma pasipo kuulazimisha, hata farasi mwenyewe akauachilia. Ukimwona akiuachilia, utajua kwamba alikuwa ameushikilia tangu siku nyingi.

Fauka ya hayo, Ami, mambo haya yamhusu na punda wako, maana punda ni hodari wa kuficha maumivu kuliko farasi. Kabla hujamtwika shogi lenye mchanga, mpitishie mkono mgongoni, mwepesi, na pale ngozi inaporuka usiweke mzigo. Akichechemea, mpeleke hospitali ya punda hapo hapo Lamu. Wale ndio madaktari.

Bibi aambiwe asinitumie ile chupa ya mafuta ya ufuta, kwani farasi hukandwa mkavu, na manyoya yaliyolowa mafuta hushika vumbi, nami sina fedha za kumlipa mwenye farasi. Halua, ikiwa ipo, itumwe bila ya kuchelewa. Hiyo si ya farasi.

Ni mimi mwanao, mkandaji.